Picha za harusi zisipotee: mwongozo wa kuhariri video na dawa za hitilafu zake

Nikaha husomwa mara moja. Bwana harusi hawezi kuambiwa akubali tena kwa sababu kadi ya kamera imegoma, na bibi anayeongoza vugo usiku wa kupamba huenda mwakani tusiwe naye. Ndiyo maana mimi huihesabu kazi ya kuhariri video kuwa amana kabla ya kuwa biashara. Mwenye harusi amekupa siku yake uishike. Ukimpotezea, hakuna pesa ya kumrudishia itakayomtosha.

Nimekuwa kwenye kazi hii hapa Mombasa tangu enzi za kanda, na vijana wa Mji wa Kale, Likoni, Malindi hadi Lamu huniuliza maswali yanayofanana: video inakwama-kwama, sauti haiendi na mdomo, kompyuta inagoma kutoa kazi, kadi inasema haina kitu. Majibu nimeyakusanya hapa kwa mpangilio ambao kazi yenyewe hufuata, kutoka kamera mpaka mkononi mwa mwenyewe. Wengi wetu tunatumia Adobe Premiere Pro au DaVinci Resolve, wachache wana Final Cut Pro kwenye Mac, na siku hizi wapo wanaomaliza kila kitu kwa CapCut ndani ya simu. Ninayoyasema yanawahusu wote, isipokuwa pale nitakapotaja programu kwa jina.

Kabla ya kwenda kupiga

Hitilafu nyingi zinazoletwa kwangu kama za kompyuta, chanzo chake ni kamera. Yako mambo manne ya kuyamaliza nyumbani kabla ya kutoka.

La kwanza ni kasi ya fremu. Umeme wetu wa Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi za ukumbini hupepesa kwa kuufuata umeme huo ingawa jicho halioni. Kamera iliyowekwa fremu 30 na shata ya 1/60 huuona mpepeso huo, na picha ikatoka na mistari inayopanda na kushuka. Weka kamera zote fremu 25 kwa sekunde, au 50 kama utataka kupunguza mwendo baadaye, na shata iwe 1/50 au 1/100. Hakikisha wenzako wote mliokwenda nao wameweka namba ile ile. Kamera moja ikiwa 25 na nyingine 30, picha ya mmoja itarukaruka na hakuna dawa safi ya kuiponya.

La pili ni memori kadi. Angalia alama ya V30 juu yake. Maana yake kadi inaweza kuandika angalau megabaiti 30 kila sekunde bila kushuka, na hiyo inatosha kwa kamera nyingi tunazotumia. Lakini alama huchapishwa na yeyote, na sokoni ziko kadi za bandia zilizoandikwa GB 256 ambazo ndani ni 32 tu. Kadi kama hiyo hupokea picha kwa utulivu mpaka ifike mwisho wake wa kweli, kisha inaendelea kujifanya inaandika. Majina ya faili utayaona yote, ila ndani hamna kitu. Ipime kila kadi mpya kwa programu ya bure ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux. Programu hizi huijaza kadi yote kisha zikaisoma tena kuona kama kilichowekwa ndicho kilichomo. Hakuna kadi inayofaa kuingia harusini bila mtihani huo.

La tatu ni hesabu ya nafasi. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa moja. Kamera mbili kwa saa nne ni GB 360. Ukijua hesabu hii hutajikuta unafuta picha za asubuhi ili upate nafasi ya jioni.

La nne ni sauti. Nikaha husomwa kwa sauti ya chini, feni za msikiti zinavuma, na walioketi safu ya nyuma wanazungumza. Maikrofoni ya juu ya kamera haitaipata ile "nimekubali". Mpe msomaji wa nikaha au baba wa bibi harusi maikrofoni ndogo ya kifuani, na uweke kinasa sauti cha pili karibu nao. Kipimo cha sauti kisipite desibeli 12 chini ya sifuri. Sauti ndogo kidogo unaweza kuiinua, ila iliyopasuka haishoneki.

Usiku wa kurudi nyumbani

Hapa ndipo picha nyingi hupotea, kwa sababu ni saa nane za usiku na kila mtu amechoka. Kopi kazi kabla hujalala, na ukopi kadi nzima pamoja na folda zake zote. Usichague zile faili za video peke yake. Kamera zinazorekodi kwa mfumo wa AVCHD hugawanya hotuba moja ndefu katika vipande, na maelezo ya kuviunganisha yamo kwenye faili nyingine ndani ya kadi ile ile. Ukichukua vipande tu, penye maungio utakuta sauti inakatika kwa nukta moja, na wengi hudhani ni kosa la kamera.

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika kazi hii kanuni ni tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, na moja ikae nyumba nyingine. Mimi nina diski ya kazi, diski ya akiba, na ya tatu hulala kwa ndugu yangu mtaa mwingine. Mwizi akiingia au maji yakipita chumbani, hayatazipata zote. Ukiweza kulipia nafasi ya mtandaoni, vyema, lakini GB 360 kwa intaneti ya nyumbani zaweza kuchukua siku kadhaa kupanda. Usiifanye hiyo kuwa nakala yako ya pekee.

Wakati wa kukopi tumia programu inayohakiki, kama TeraCopy kwenye Windows, ambayo hulinganisha faili ya mwanzo na nakala yake. Kisha fungua video tatu nne, mwanzo, katikati na mwisho, uzitazame kwa macho yako. Kadi usiifute kwenye kompyuta. Ifutie ndani ya kamera yenyewe, baada ya nakala mbili kuhakikiwa.

Folda na mradi

Jina la folda lianze na tarehe: 2025-08-16_Harusi_Kibokoni. Ukianza na mwaka, kompyuta itazipanga kazi zako kwa mfuatano bila kuambiwa. Ndani yake weka folda za kamera ya kwanza, kamera ya pili, sauti, muziki, mradi, na kazi iliyokamilika. Usitumie alama za mkwaju, nukta mbili wala herufi za Kiarabu katika majina ya faili, kwa kuwa programu nyingine huzikwama.

Ukifungua mradi ukakuta skrini nyekundu ikisema haioni picha, mara nyingi picha zako ziko salama. Programu inakumbuka anwani ya faili tu, na wewe umehamisha folda, umebadilisha jina, au Windows imeipa diski yako herufi nyingine. Ielekeze faili moja tu mahali ilipo sasa, na nyingine zilizo folda ile ile kwa kawaida zitajitafuta zenyewe. Kuzuia hilo lisirudi, ipe diski yako ya kazi herufi ya kudumu, kama W, katika mipangilio ya diski za Windows.

Wenye DaVinci Resolve wana jambo la ziada. Mradi wa Premiere ni faili unayoweza kuiona na kuikopi, lakini Resolve huweka miradi yake ndani ya hifadhidata, mbali na folda ya harusi yako. Ukikopi folda peke yake umeacha kazi yote ya kukata. Toa nakala ya mradi kila jioni, uiweke pamoja na picha. Pia, kwenye Resolve weka kasi ya fremu ya mradi kuwa 25 kabla ya kuingiza video ya kwanza, maana ukishaingiza haibadiliki tena.

Kompyuta ikilemewa

Swali linalokuja kuliko yote ni hili: "Kaka, laptopu yangu ni nzuri, mbona video inakwama?" Jibu liko kwenye kodeki, yaani namna kamera ilivyoibana picha. H.264 na H.265 hubana kwa kuhifadhi fremu moja nzima, kisha kwa fremu nyingi zinazofuata huhifadhi kilichobadilika tu. Hilo ni jema kwa kadi, lakini kila unaposogeza kidole kwenye taimulaini, kompyuta inalazimika kurudi nyuma na kuijenga upya fremu unayoitaka. Mchezo wa kompyuta waweza kwenda vizuri na H.265 ikakwama, kwa kuwa ni kazi mbili tofauti.

Dawa ni proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria. Premiere, Resolve na Final Cut zote hutengeneza proksi zenyewe. Waambie zitengenezwe kwa ukubwa wa nusu au robo, kwa kodeki ya ProRes Proxy au DNxHR LB ambazo huhifadhi kila fremu peke yake. Iache kompyuta ifanye kazi hiyo usiku. Asubuhi utahariri kwa wepesi, na wakati wa kutoa kazi programu itarudi kwenye picha za asili. Video ya 4K ina nukta mara nne ya ile ya 1080, basi mwenye laptopu ya RAM ya GB 8 asijaribu 4K bila proksi. Kwa kazi hii RAM ya GB 16 ndiyo ya kuanzia.

Kabla ya kununua kompyuta mpya, kagua mambo madogo. Je, unahariri moja kwa moja kutoka kwenye flashi? Hamishia picha kwenye SSD. Je, diski yako umeichomeka kwenye tundu la USB 2? Tundu hilo mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, wakati USB 3 huanzia 5,000. Je, diski imejaa? Bakisha angalau sehemu moja katika sita iwe wazi. Na kache, yaani zile faili za muda ambazo programu hujiwekea, zaweza kufika mamia ya gigabaiti bila wewe kujua. Zifute kila ukimaliza kazi. Picha zako za asili hazitaguswa.

Hitilafu na dawa zake

Sauti inaachana na mdomo kadiri video inavyosonga. Karibu kila mara hii ni video ya simu. Simu haishiki fremu 25 wala 30 sawasawa. Giza likiingia hupunguza, mwanga ukirudi huongeza. Programu ya kuhariri inahesabu kana kwamba kasi ni moja, na baada ya dakika kumi mdomo uko huku na sauti kule. Ipime video kwa MediaInfo, programu ya bure itakayokuambia kama kasi ni ya kudumu au inabadilika. Ikiwa inabadilika, ipitishe kwanza kwenye HandBrake, nayo ni ya bure, uchague kasi ya kudumu ya fremu, kisha ndiyo uiingize. Usijaribu kuvuta sauti kwa mkono katikati ya kazi. Utaishona hapa ipasuke pale.

Sauti ya kinasa inaachana na kamera polepole sana, fremu mbili tatu kwa saa. Hii si ya kasi ya fremu. Kila kifaa kina saa yake, na hakuna mbili zinazokwenda sawa kabisa. Ikate sauti penye kimya, baina ya hotuba na hotuba, uisogeze ikae sawa. Na hakikisha kinasa kimewekwa 48 kHz, ndicho kipimo cha video. 44.1 kHz ni cha muziki.

Kurenda kunagoma mahali pale pale. Usianze tena ukitumaini safari hii itapita. Soma namba ya asilimia au saa iliyogomea, uende mahali hapo kwenye taimulaini. Utakuta ama faili moja mbovu, ama madoido mazito, ama herufi za maandishi zisizofunguka. Viondoe kimoja kimoja ujaribu kipande hicho peke yake. Kama bado, renda video nzima kwa ProRes au DNxHR kwanza, kisha ndiyo uigeuze faili hiyo kuwa H.264. Kazi ndefu igawanye sehemu tatu, uziunge mwisho.

Kurenda kunagoma mahali tofauti kila mara. Hii ni alama ya joto, RAM kuisha, au diski kujaa. Anza na joto, nami nitalieleza hapa chini.

Picha inageuka kijani au zambarau, au inatoka miraba. Kwanza itazame faili ya asili kwa VLC. Ikiwa mbovu na huko, kosa liko kwenye kadi au wakati wa kukopi, kaikopi tena. Ikiwa safi, tatizo ni draiva ya kadi ya picha ya kompyuta. Sasisha draiva hiyo, na ikiwa tatizo limeanza baada ya kusasisha, rudisha ile ya zamani. Kwa muda huo zima usaidizi wa kadi ya picha kwenye mipangilio ya programu. Itakwenda polepole, lakini itafika.

Na neno moja la jumla: usisasishe programu yako katikati ya kazi. Maliza harusi, kabidhi, ndipo usasishe. Mradi uliofunguliwa na toleo jipya mara nyingi haurudi tena toleo la zamani.

Joto, chumvi na stima

Miongozo mingi ya mitandaoni imeandikwa na watu wa nchi za baridi. Sisi Januari hadi Machi chumba kisicho na kipoza hewa hupita nyuzi 30 hata usiku. Kompyuta ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi ili isiungue, na kurenda kwa saa mbili kukawa saa tano. Iinue laptopu kwa vipande vya mbao hewa ipite chini, usiiweke juu ya godoro wala kitambaa. Kila baada ya miezi michache mpe fundi aondoe vumbi ndani ya feni. Kazi ndefu za kurenda zianze baada ya isha.

Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula chuma. Futa meno ya kebo na matundu kwa kitambaa kikavu, na kamera na lenzi zikae kwenye kisanduku kinachofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu. Lenzi iliyoota ukungu ndani ni ghali kusafisha. Ukitoka kwenye ukumbi wenye baridi kali kwenda nje, iache kamera ndani ya begi kama nusu saa izoee, ama mvuke utaganda juu ya kioo.

Kuhusu stima, mwenye kompyuta ya mezani asikae bila UPS. Haihitaji kukushikilia saa nzima. Dakika kumi za kuhifadhi na kuzima zinatosha. Mwenye laptopu hudhani betri inamlinda, lakini diski kubwa ya nje yenye waya wake wa umeme huzimika papo hapo stima ikipotea, katikati ya kuandika, na hapo ndipo diski huharibika. Ichomeke kwenye UPS nayo, au utumie diski ndogo inayopata umeme kwa USB. Stima ikirudi hurudi kwa kishindo, basi kile kifaa cha kulindia fridji kiwepo pia kwenye chumba cha kazi. Iambie programu ijihifadhi yenyewe kila dakika tano.

Kadi ikisema haina kitu

Itoe kwenye kamera na usirekodi chochote juu yake. Kufuta, na hata kusafisha kadi kwa njia ya haraka, mara nyingi huondoa orodha tu. Picha zenyewe bado zimelala pale mpaka kitu kipya kiandikwe juu yao. Chukua PhotoRec, programu ya bure, isome kadi na iweke itakachokipata kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ile ile. Kompyuta ikikuuliza kama unataka kuisafisha kadi, kataa.

Kama betri ilikufa katikati ya kurekodi na faili haifunguki, picha zimo lakini faili haikufungwa. Kwanza irudishe kadi ndani ya kamera iliyorekodi na uiwashe. Kamera nyingine hujitolea kuitengeneza. Ikishindikana, iko programu iitwayo untrunc, ambayo hujifunza kutoka kwenye faili nzima ya kamera ile ile yenye mipangilio ile ile, kisha ikaijenga iliyovunjika.

Diski inayotoa mlio wa tik-tik ni habari nyingine. Izime mara moja. Kila dakika unayoendelea kuijaribu, kichwa chake kinaparuza sehemu zenye picha. Hiyo ni ya fundi maalumu wa kuokoa data, na fundi wa simu wa mtaani asiifungue. SSD nayo ikifutwa huwa haina marejeo, kwa kuwa hujisafisha yenyewe. Isitoshe haikuundwa kukaa kabatini miaka bila umeme. Itumie kwa kazi, na akiba uiweke kwenye diski ya kawaida.

Kanda za wazee wetu

Hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Ndani ya makabati yetu zimo VHS na MiniDV za harusi za miaka ya themanini na tisini, maulidi ya Lamu, kirumbizi, lelemama, na sauti za wazee waliotangulia. Kanda haingoji. Sumaku yake hudhoofika, na unyevu wa Pwani huotesha ukungu. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Deki zilizobaki ndizo hizo, na mafundi wake wanapungua.

Ukiona unga mweupe pembeni mwa kanda usiicheze. Ukungu huo utachafua vichwa vya deki, na kila kanda itakayofuata itaharibika. Iache ikauke mahali pakavu, kisha isafishwe na anayejua. Kanda safi ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha mara moja kabla ya kuichukua, na uvunje kile kijino cha plastiki ili mtu asirekodi juu yake. Kanda ya saa tatu huchukua saa tatu kunakiliwa, hakuna njia ya mkato. MiniDV ikopi kwa kebo ya FireWire, maana hiyo huhamisha data kama ilivyo, kama GB 13 kwa saa. Kompyuta kuukuu yenye tundu la FireWire usiiuze. VHS hupitia kifaa cha kunasa picha kinachoingia USB. Picha za kanda zimefumwa kwa mistari ya kupishana, zikionekana kama meno ya kitana mtu anapotembea. Hifadhi nakala hiyo ilivyo, na kuisafisha kufanyike kwenye nakala ya pili.

Siri ya usiku wa kupamba

Wanawake wetu huvua mabuibui ukumbini kwa kuamini kwamba waliomo ni wanawake peke yao. Video hiyo ikifika kwenye kundi la WhatsApp, wanaoumia ni watu, na kuna nyumba zimevunjika kwa jambo kama hilo. Picha ya mtu anayetambulika ni data yake, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Lakini hata bila sheria, amana ni amana.

Ninavyofanya ni hivi. Picha za upande wa wanawake hupigwa na kuhaririwa na mwanamke, kwenye diski ya peke yake. Diski hiyo imefungwa kwa nywila, kwa VeraCrypt ambayo ni ya bure, au BitLocker kwenye Windows zenye huduma hiyo, au FileVault kwa diski ya ndani ya Mac. Kompyuta ikienda kwa fundi, diski hiyo haiendi nayo. Proksi na kache zake hukaa ndani ya diski ile ile, kwani wengi hufunga picha za asili wakasahau kwamba nakala nyepesi zimebaki wazi kwenye kompyuta. Na kumbuka lile la PhotoRec: programu inayokuokolea picha zako ndiyo itakayompa mnunuzi wa kadi yako kuukuu picha za watu. Kadi iliyowahi kubeba usiku wa kupamba haiuzwi wala haiazimwi. Kubalianeni na familia kwa maandishi utakaa na picha hizo muda gani, na muda ukifika uzifute mbele yao.

Kukabidhi kazi

Toa kazi kwa H.264, ukubwa wa 1080, fremu 25, sauti ya AAC. H.265 ni ndogo zaidi lakini televisheni nyingi za zamani haziifungui, na mama atakupigia simu. Flashi nyingi huja na mfumo wa FAT32, usiokubali faili moja kupita GB 4, na televisheni nyingi kuukuu husoma mfumo huo tu. Kwa megabiti 8 kwa sekunde, saa moja ni GB 3.6, inaingia. Video ya saa tatu igawanye: nikaha, kutoa bibi harusi, karamu. Hata watazamaji hupenda hivyo.

Kwa YouTube, megabiti 8 kwa sekunde ndizo zinazopendekezwa kwa 1080 ya fremu 25. Wimbo wa taarabu uliochukuliwa kutoka kwenye albamu waweza kuizuia video yako, basi pata idhini ya familia kwa picha na ya mwenye wimbo kwa sauti. Kwa WhatsApp, ukituma kama video hubanwa mpaka nyuso hazionekani. Itume kama waraka, haitabanwa, na mwisho wake ni GB 2.

Kabla ya kuitoa kazi mkononi, itazame yote kuanzia mwanzo hadi mwisho kwenye televisheni, ukitumia flashi ile ile utakayokabidhi. Andika tarehe juu ya diski za akiba, na mara moja kwa mwaka zichomeke zote uone kama bado zinasoma. Inayochelewa au kutoa sauti ngeni ihamishe siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa picha za watu haujengeki.